Nafasi ya Wazee Sita

Wiki ile ya mashindano nililala vibaya, na sababu haikuwa maji. Ingekuwa maji ningeelewa, maana nina kilo mia moja na nane, nimeanza kujifunza kuogelea nikiwa na miaka ishirini na sita, na bwawa lenyewe liko katikati ya mashamba ya chai ya Mufindi, mahali ambapo ukungu wa asubuhi unaingia mpaka ndani ya soksi. Haikuwa baiskeli, wala milima. Swali lililokuwa linanigeuza kitandani kama chapati ni hili: mtu akiwa kwenye mashindano, akakutana na mzee njiani, anasimama kumsalimia au anapita?

Sheria za mashindano zilikuwa kurasa mbili. Nilizisoma mara tano. Zilieleza kofia ya baiskeli, namba ya kifuani, mahali pa kunywa maji, na marufuku ya kushikilia gari linalotembea, jambo lililonifanya nijiulize ni nani aliwahi kulishikilia. Kuhusu wazee, kimya. Kifungu kimoja kilisema mshiriki asipokee msaada wowote kutoka kwa mtu wa nje. Nikakaa nikiwaza kama marahaba ni msaada.

Aliyeniingiza humo ni rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye sasa anauza mbao Mafinga. Alinipigia simu akaniambia kuna michezo mitatu inayofanywa mfululizo siku moja: unaogelea mita mia nne, unaendesha baiskeli kilomita kumi na tano, halafu unakimbia kilomita tano za barabara ya vumbi inayotokea kwenye mashamba ya chai kuja Nyololo.

"Kwa nini mimi?" nilimuuliza.

"Kundi la wanaoanza halina watu. Na wewe, shoga, huna kazi."

"Mimi ni mnene."

"Hilo unaniambia mimi? Miaka mitatu nimelala kitanda cha juu nakisikia chako kinalalamika. Jina lako nimeshaliandika."

Sharti lilikuwa moja. Wanaoanza wote wawe wamemaliza ndani ya saa tatu. Baada ya hapo gari linapita nyuma na kuwapakia waliobaki, pamoja na baiskeli zao.

Hilo gari ndilo lililonifanya nikubali, na ndilo lililonifanya nijute. Nina shahada ya mipango. Tangu nihitimu nimeishi kwa mama mdogo hapa Uyole, na kwa miaka miwili nimepanga mambo mengi. Nilipanga kufuga kuku, nikawachorea banda lenye madirisha ya kupitisha hewa na ngazi ndogo. Kuku sikununua hata mmoja. Nilipanga duka la vifaa vya shule, nikalipa jina, nikachagua rangi ya ukuta. Mama mdogo, anayeuza mchele sokoni, alianza kuniambia mbele ya wateja, "Huyu akipanga, ujue hakuna kitu." Alikuwa anatania, na alikuwa anasema kweli. Nilitaka mara moja tu nimalize kitu nilichokianza, nimalize kwa miguu yangu, nisipakiwe kama gunia la viazi.

Kuogelea nilijifunza kwenye bwawa la hoteli moja mjini Mbeya. Mwalimu wangu alikuwa kijana wa rika langu, aliyekulia Usangu kwa wafugaji waliohamia huko kutoka kaskazini. Yeye alijifunza kuogelea kwa kushika mkia wa ng'ombe wakati wa kuvusha mifugo mtoni, kwa hiyo kila jambo la majini alilieleza kwa ng'ombe. Siku ya kwanza nilisimama kwenye kina cha kiunoni kwa dakika arobaini nikimuuliza maswali.

"Dada," akasema mwishowe, "ng'ombe ana kilo ngapi?"

"Sijui. Mia tatu?"

"Anaelea?"

"Anaelea."

"Umewahi kumwona akijiuliza kwanza?"

Siku ya nne nilielea. Ilibainika kwamba mafuta yanaelea, na mimi nilikuwa na akiba. Mwanafunzi mwenzangu mmoja, mwembamba mwenye misuli, alizama kama kijiko, nami nikamtazama kutoka juu ya maji kwa huruma ambayo sijawahi kuwaonea watu wembamba. Nguo ya kuogelea ya saizi yangu haikupatikana, hivyo fundi cherehani wa Uyole alinishonea kwa kitambaa cha jezi. Aliniwekea na mfuko. Sikujua wa nini, nikaona aibu kuuliza.

Baiskeli ilikuwa ya rafiki yangu, yenye keria ya chuma ya kubebea mbao. Aliipakia kwenye basi akaniletea ujumbe: "Hii imebeba kenchi za paa la kanisa. Wewe ni nini?" Ilinibeba kweli, bila kunung'unika, tofauti na kitanda cha chuo.

Kwa hiyo maji yalikubali na baiskeli ikakubali. Kukimbia ndiko kulikogoma, na kosa halikuwa la miguu.

Huku kwetu mtu hampiti mtu. Kijana akikutana na mzee anasimama, anasema shikamoo, anasubiri marahaba, kisha yanafuata ya nyumbani, ya mama mdogo, ya mvua, ya viazi, na kwa mtu wa umri wangu, ya kuolewa. Na kama ni binti, unashuka. Si lazima goti lifike chini, lakini lazima mzee aone kwamba goti lilikuwa na nia hiyo. Kwa mwili wangu kushuka si tatizo, mwili unapenda kushuka. Kupanda ndiyo kazi.

Asubuhi ya kwanza nilikimbia kilomita tano kwa saa moja na dakika thelathini na nne. Nilirudi nyumbani nimekata tamaa, nikachora jedwali. Kumbe kukimbia kwenyewe kulichukua dakika hamsini na saba. Dakika thelathini na saba zilizobaki zilikuwa za kusalimia wazee kumi na saba, wastani wa karibu dakika mbili kwa mzee mmoja, ukiondoa babu mmoja mwenye mashine ya kusaga aliyenichukua dakika sita peke yake kwa sababu alitaka kujua kama serikali inawaajiri waliosoma mipango.

Nikatafuta mbinu. Nilivaa spika za masikioni ili nionekane sisikii. Wazee walidhani nina tatizo la masikio, wakaongeza sauti, na mmoja akanisogelea akanisalimia kwa mikono. Nikajaribu kusema shikamoo huku nakimbia, bila kusimama. Mtu anayetoa shikamoo akiwa mbioni, tena mnene, tena anahema, kwa watu wa kwetu ana jambo moja tu: anafukuzwa. Mwenye bodaboda alinifuata nusu kilomita akiuliza, "Dada, yuko wapi? Ni mmoja au wawili?" Nilipomwambia ni mazoezi, alipunguza mwendo akanitazama kuanzia chini mpaka juu. "Mazoezi ya nini sasa, na umeshanenepa vizuri?"

Ndipo nikafanya kosa kubwa. Karibu na kona ya kurudi kuna bibi anayekaa nje ya geti lake kila asubuhi akimenya viazi. Siku hiyo nilikuwa na mwendo mzuri kuliko siku zote. Nilimwona kwa mbali, nikaitazama saa, nikainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu barabarani, nikampita.

Jioni ile jua likiwa bado juu ya paa la jirani, bibi alikuja nyumbani. Alikuwa amevaa kitenge cha kwendea kanisani. Mama mdogo alikuwa uani anapepeta mchele, mimi nikiwa nimekaa kizingitini.

"Karibu mama, karibu, kaa hapa," mama mdogo akasema.

Bibi alikaa, akaulizwa habari, akazijibu zote kwa utulivu. Kisha akasema, "Nimekuja kuuliza kosa langu."

"Kosa gani tena, mama?"

"Ndilo nililokuja kuuliza. Huyu mtoto amenipita leo asubuhi. Nikasema labda hakuniona. Lakini nilikuwa palepale, na mimi si mdogo, na ndoo yangu ni nyekundu."

Mama mdogo akanigeukia. "Umempita bibi?"

"Mama, nilikuwa kwenye mazoezi ya..."

"Umempita au hukumpita?"

"Nimempita."

Mama mdogo aliweka ungo chini taratibu, vile mtu anavyoweka kitu ili mikono ibaki huru. Nikaanza kueleza haraka, na bibi akataka kuelewa kila kitu kwa mpangilio.

"Unaanzia wapi?"

"Majini, bibi."

"Unavuka?"

"Hapana, nazunguka narudi nilipoingilia."

"Halafu?"

"Napanda baiskeli."

"Unapeleka nini?"

"Sipeleki kitu."

"Halafu?"

"Nakimbia mpaka mwisho."

"Huko mwisho kuna nani?"

"Kuna watu wawili wenye saa."

Bibi akamgeukia mama mdogo kama daktari anayetoa majibu. "Kumbe hakuna anakokwenda."

"Hakuna, mama," mama mdogo akakubali kwa masikitiko.

"Basi mjukuu, sikukatazi. Ila ungeniambia jana. Mtu akiniambia jana kwamba kesho atapita mbio, kesho nikimwona nitasema, naam, ndiye yule aliyesema. Ukinipita tu, nitajuaje nimekukosea nini?"

Nikaomba radhi kwa magoti yote mawili, mpaka chini kabisa. Kupanda nilisaidiwa na stuli. Bibi akaondoka na bakuli la mchele, na tangu siku hiyo kila asubuhi nilisimama kwake, nikashuka, nikapanda. Mwisho wa mwezi nilikuwa na mapaja ya mbeba mizigo, ingawa wakati huo sikuligundua hilo, kwa sababu nilikuwa nahesabu kitu kingine.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Kuogelea dakika ishirini na tano. Baiskeli saa moja na dakika ishirini, kwa milima ile. Kubadilisha nguo dakika nane, maana nguo ya jezi ikilowa haikuachii kirahisi. Kukimbia dakika hamsini na tano. Jumla inabaki dakika kumi na mbili kabla ya gari. Dakika mbili kwa mzee mmoja. Nilikuwa na nafasi ya wazee sita. Mzee wa saba angenipandisha garini.

Nikampigia simu mwandaaji. Nilikuwa nimeandika swali kwenye karatasi ili nisigugumie.

"Naomba kuuliza, barabara ya kukimbilia ina wakazi?"

"Ina wakazi, ndiyo, ni vijiji."

"Wazee pia?"

"Dada, vijiji vyote vina wazee."

"Mshiriki akisimama kusalimia, muda unasimama?"

"Muda hausimami kwa mtu yeyote," akasema. Kisha, kwa upole zaidi, "Wengine huwa wanapunga mkono tu."

Kupunga mkono. Nilijaribu kujifikiria nampungia bibi wa viazi mkono kama mgombea ubunge. Nikajua siwezi. Pia nikajua, kama ninavyojijua, kwamba nikimwona mzee wa saba nitasimama, kisha nitasimama kwa wa nane, na nitamalizia safari nyuma ya gari nimekumbatia baiskeli, na mama mdogo ataambiwa.

Mashindano yalikuwa Jumamosi. Mwisho wa kujitoa ulikuwa Alhamisi. Jumatatu niliandika ujumbe wa kujitoa. Jumanne niliurekebisha, nikaondoa sehemu ya goti kuuma kwa kuwa goti lilikuwa zima kuliko wakati wowote. Jumatano asubuhi nilipita kwa bibi ujumbe ukiwa tayari kwenye simu, umebaki kutumwa.

Nikashuka, nikasalimia.

"Siku yenyewe ni lini?" akaniuliza, akimenya.

"Jumamosi, bibi. Lakini huenda nisiende."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Kuna wazee wengi njiani."

Alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Alipotulia aliuliza, kama mtu anayeuliza kama nimefunga mlango, "Umeshawaambia?"

"Nani?"

"Hao wazee. Kwamba utapita."

Nilibaki nimechutama pale barabarani kwa muda mrefu, mpaka bibi akauliza kama nimeshindwa kunyanyuka. Alikuwa ameniambia jambo hilihili mwezi mmoja kabla, uani kwetu, nami nikalisikia kama lawama tu. Nikafuta ujumbe wa kujitoa palepale.

Mama mdogo nilipomwambia ninachokwenda kufanya, alitaka kuhakikisha. "Unakwenda Nyololo Ijumaa," akasema, "usalimie barabara nzima, ili Jumamosi usisalimie mtu."

"Ndiyo."

"Hiyo umeipanga?"

"Nimeipanga."

"Haya." Akanifungia kilo mbili za mchele. Bila shaka aliona kwamba mtu hawezi kutembelea kijiji kizima mikono mitupu, na bila shaka hakuhesabu nyumba.

Alhamisi nilipanda basi na ile baiskeli, nikalala kwa rafiki yangu Mafinga. Asubuhi ya Ijumaa alinisindikiza mpaka Nyololo, akanionyesha mahali utepe wa mwisho utakapofungwa, na akanionyesha barabara ya vumbi inayopanda kuelekea kwenye chai. Aliposikia ninachotaka kufanya alikaa chini kwenye gogo. "Shoga, wewe umekuja kushindana au kuhesabu kaya?" Kisha akarudi kwenye mbao zake.

Nikaanza kutembea. Njiani nilikuwa nimefanya mazoezi ya kusema "kamwene," salamu ya Wahehe, nikaijaribu kwa mzee wa kwanza, aliyekuwa anarekebisha uzio.

"Kamwene, babu. Shikamoo."

"Kamwene, marahaba. Wewe wa wapi?"

"Uyole. Babu, nimekuja kukusalimia kabla. Kesho asubuhi nitapita hapa nakimbia. Sitasimama. Si dharau, ni mashindano. Nikisimama nitapakiwa kwenye gari."

Akaacha uzio. "Kesho ndiyo utakimbia."

"Ndiyo."

"Na umetoka Uyole kuja kunisalimia leo kwa ajili ya kesho."

"Ndiyo, babu."

Akamwita mkewe atoke ndani. Nikarudia yote. Mkewe akaleta viazi vya kuchemsha.

Hilo ndilo ambalo sikulipanga. Mtu aliyekuja kuomba radhi mapema hawezi kuondoka bila kula. Nyumba ya tatu nilipewa chai ya maziwa, ya tano kande, ya sita viazi tena. Mzee mmoja na wenzake walinipa kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, nikakataa kwa sababu nina mashindano, wakasema hiyo ndiyo sababu ya kunywa. Mchele nilikuwa nagawa kwa viganja. Kila mahali nilishuka, nikapanda, nikaeleza, na kila mahali waliuliza maswali ya bibi wa viazi karibu neno kwa neno: unapeleka nini, nani anakusubiri. Wengine waliitana kuvuka barabara ili nisirudie maelezo, nikasalimia wanne kwa mpigo, na ilikuwa nafuu.

Mzee mmoja mwenye fimbo alitaka uhakika. "Na mimi nikikuita kesho?"

"Babu, naomba usiniite."

"Nikisahau nikakuita, ukasimama?"

"Gari litanibeba."

Akafikiri. "Basi ukisimama nitakufukuza mwenyewe."

Kilomita tano nilizimaliza saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimeanza saa tatu asubuhi. Wazee walikuwa thelathini na mmoja. Tumbo langu lilikuwa limejaa hivi kwamba niliogopa kuinama kufunga kamba za viatu, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze sikuwa na swali lolote.

Jumamosi niliogelea kwa dakika ishirini na nane, katika maji ya baridi ambayo yalinifanya niseme mambo ambayo sikuyapanga. Mfuko alioniwekea fundi ulijaa maji ukanivuta upande wa kushoto. Mlima mmoja nilisukuma baiskeli. Nilipoiweka chini na kuvua kofia, zilikuwa zimebaki dakika hamsini na nane, na mimi nilihitaji hamsini na tano. Hata wazee wawili wasingeenea humo. Washiriki wengine walikuwa wameshapotea mbele. Baadaye waliniambia kwamba kila walipopita, watu walikuwa wamekaa kando ya barabara kwenye viti, wakiwauliza, "Yule mnene wa jana yuko nyuma?"

Nilikuja. Nilikimbia kama ninavyokimbia, mwili mzima ukifika kwa awamu. Nje ya nyumba ya kwanza walikuwa wamesimama watatu, wakasogea pembeni wakatulia, kama watu wanaopisha maiti au harusi. Nyumba ya pili hivyohivyo. Nilikuwa nasikia gari likinguruma mbali kwenye chai, na macho nimeyakaza barabarani.

Kwenye kona ya mwisho kabla ya Nyololo kulikuwa na bibi aliyenipa kande. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, na alinitazama moja kwa moja. Goti langu lilianza kushuka lenyewe. Hatua ikapungua, mikono ikashuka, shikamoo ikafika kooni.

"Tulishasalimiana jana," akasema. "Nenda."

Nikaenda.